Trela Hili Halivutwi Tu, Linabebwa

Ndugu zetu hapa Houston wanaotaka kununua trela la kambi huniuliza kwanza habari za injini. Pikapu gani ina nguvu ya kulivuta? Huwa nawaambia injini waiulize mwisho. Pikapu kubwa zinazouzwa Marekani siku hizi karibu zote zina nguvu za kuvuta. Kinachozishinda ni kubeba.

Ninazungumzia fifwili, lile trela refu ambalo shingo yake imeinuka ikapanda juu ya bodi ya pikapu, likashikwa katikati ya bodi badala ya kwenye bampa. Kama umeziona semi-trela zinazotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, umeshaliona umbo lake: mgongoni mwa kichwa kuna sahani nene ya chuma, kingipini, yaani pini nene ya chuma ya trela, inaingia humo, mataya yanaibana. La kambi ni mtindo huohuo, ila ndani kuna jiko, vitanda, choo na friji. Mimi nimekulia Ilula, kando ya barabara kuu, ambako malori yaliyotoka kupanda mlima Kitonga yalikuwa yanasimama yapoe. Mume wangu ni mtu wa Tanga, na kabla ya hapa alikuwa hajawahi kukokota hata trela la mbuzi. Tuliingia kwenye shughuli hii kama wanafunzi, na ninaandika kwa ajili ya familia inayoanza kama sisi: watoto wawili, likizo chache, pesa ya kuhesabu.

Sehemu kubwa ya uzito wa fifwili iko kwenye magurudumu yake yenyewe, lakini kati ya asilimia 15 na 25 inakaa mgongoni mwa pikapu kupitia kingipini. Wenye uzoefu hupiga hesabu kwa asilimia 20. Trela letu likijaa linaruhusiwa kufika pauni 12,500, yaani kilo 5,670. Asilimia 20 yake ni pauni 2,500, zaidi ya tani moja. Mzigo huo umeshaikalia ekseli ya nyuma hata kabla hujawasha gari.

Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea alituambia pikapu tuliyokuwa nayo, ya daraja wanaloliita nusu tani (ni jina tu, si kipimo), inatosha kabisa, maana kitabu chake kinasema inavuta zaidi ya pauni 11,000 na kuna trela jepesi angeweza kutuuzia siku hiyohiyo. Hakutaja kibandiko cha mlangoni. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko cha njano na nyeupe kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Kibandiko hicho ni cha gari hilohilo lililo mbele yako, pamoja na viti vyake vya ngozi na vikorombwezo vyote lilivyotoka navyo kiwandani, kwa hiyo pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni. Cha kwetu kilisema 1,700 na ushee. Toa hapo sisi wanne, toa sahani ya kunasia inayofungwa kwenye bodi, ambayo nayo huitwa fifwili, na kilichobaki hakitoshi hata nusu ya uzito wa kingipini ya trela tulilolitaka.

Tukauza, tukatafuta pikapu iliyotumika ya daraja la tani moja, kibandiko chake pauni 3,900. Hesabu tuliyoifanya mezani ilikuwa hivi: kingipini 2,500, sahani ya kunasia 180, familia 600, vifaa na kisanduku cha barafu 150. Jumla 3,430. Zinabaki 470, na hizo hatuzigusi. Kwa Texas kuna na jambo la leseni: uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari ukijumlishwa na wa trela ukizidi pauni 26,000, na trela lenyewe likiwa limezidi 10,000, leseni ya kawaida ya daraja C haitoshi, unahitaji daraja A isiyo ya biashara. Sisi tuko chini ya hapo. California wana masharti yao wenyewe, na mwendo wa gari lolote linalokokota trela kule ni maili 55 kwa saa.

Usiamini uzito wa kingipini ulioandikwa kwenye brosha. Huo umepimwa trela likiwa tupu, halina maji, halina hata sufuria. Halafu stoo kubwa ya trela la aina hii iko mbele, chini ya chumba cha kulala, na vizito vyote huishia huko: jenereta, sanduku la spana, viti, mfuko wa unga. Kila unachoweka pale kinakwenda karibu moja kwa moja mgongoni mwa pikapu. Maji nayo si ya kudharau. Tangi la galoni 60 likijaa ni kilo 227. Kama kambi unayoiendea ina bomba, safiri na maji ya kunawa na ya choo tu.

Baada ya kupakia, nenda mizani. Nyumbani mizani ya Vigwaza inajulikana kwa foleni na faini, kwa hiyo watu wetu wakisikia neno mizani wanatafuta njia ya kuipita. Hapa ni huduma unayoinunua kwa hiari. Vituo vingi vya malori vina mizani za CAT Scale, kampuni iliyoanzia Walcott, Iowa, mwaka 1977. Magurudumu ya mbele yanakaa kwenye sahani ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, ya trela kwenye ya tatu. Unabonyeza kitufe, unasema ni gari binafsi, unaingia dukani kuchukua karatasi. Kisha unaliacha trela kambini na kurudi kupima pikapu peke yake, watu walewale ndani na mafuta kiasi kilekile. Chukua uzito wa sahani mbili za kwanza wakati wa trela, toa uzito wa pikapu ikiwa peke yake: hiyo ndiyo kingipini yako halisi. Yetu ilitoka 2,640. Tulihamisha jenereta na mitungi ya maji kwenda kwenye kabati la nyuma, tukapima tena. Ada ya mizani ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya tairi moja.

Kunasa trela ni kazi ya watu wawili na haitaki haraka. Geti la nyuma la bodi lishushwe kwanza. Kabla pikapu haijaingia chini ya shingo, tazama kimo: sahani ya trela iwe chini kidogo ya sahani ya fifwili, kama inchi moja hivi, ili pikapu ikirudi iinyanyue trela kwa kuteleza. Trela likiwa juu mno, kingipini hupita juu ya mataya na kukaa pale kama imeingia, kumbe haijashikwa na kitu. Ukiondoka namna hiyo, shingo nzima huanguka juu ya kingo za bodi. Kambini nimeona pikapu ambazo kingo zake zimekunjwa na ajali hiyohiyo, na wenye nazo si wote walikuwa wageni wa kazi.

Ndiyo maana sisi hatuamini mlio wa kubana. Mume wangu anasimamisha gari, mimi naingia na tochi, naangalia mataya yamefunga nyuma ya kingipini na wenzo umekaa mahali pake, naweka pini ya usalama. Tunachomeka plagi ya pini saba. Waya wa dharura, ule ambao trela likichomoka unavuta kipini na kuzibana breki za trela kwa umeme wa betri yake, tunaufunga kwenye pikapu kwa kitanzi chake wenyewe, mbali na sahani ya fifwili. Kisha miguu ya mbele ya trela inapandishwa kidogo tu, iache nafasi ya vidole viwili na ardhi. Kabari zikiwa bado kwenye tairi, dereva anazibana breki za trela kwa swichi ya mkono na kuivuta pikapu mbele taratibu. Ikigoma kuondoka, kingipini imeshika. Na kama haikushika, trela litashuka vidole viwili tu likasimama kwa miguu yake, bodi yako ikabaki salama. Baada ya hapo ndipo miguu inapandishwa yote, kabari zinatolewa, geti linafungwa.

Watu wa kambini ni wakarimu na wanapenda mazungumzo. Atakuja mzee na mbwa wake, atakuuliza mnatoka wapi, atakusifia lafudhi. Tuna kanuni: mazungumzo yakitukatiza katikati, tukimaliza tunaanza upya toka mwanzo, hata kama tulibakiza jambo moja. Simu ziko mfukoni muda wote.

Sasa rivasi, kwa sababu hapo ndipo ndoa nyingi zinapojaribiwa hadharani. Nyumbani kila lori lina utingo, na nilikuwa nikiwaona Ilula wakiruka chini kabla gari halijasimama, wakipiga bodi kwa kiganja. Hapa wenye matrela ya kambi wengi hawana neno la kazi hiyo, wanamtuma mke nyuma ya trela na kuanza kugombana naye. Mimi nilimwambia mume wangu: hii ni kazi kamili, na mwenye kuifanya ndiye mwenye amri gari likiwa linarudi nyuma. Alikubali, na nadhani kukubali kwake kumetusaidia kuliko kamera yoyote.

Tulijifunzia kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa, mchana wa Jumamosi, kwa ruhusa yao. Mistari iliyochorwa chini ni mwalimu mzuri. Dereva anaweka mkono chini kabisa ya usukani: mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unakwenda kushoto, ukienda kulia, unakwenda kulia. Anageuza kidogo na kusubiri, maana trela refu linachelewa kuitika, na anayeongeza usukani kwa kukosa subira huishia kulikunja. Likianza kukunja kupita kiasi, dawa ni kusonga mbele na kunyoosha. Kusonga mbele hata mara nyingi hakuna aibu, na eneo la kambi halikimbii.

Mimi sisemi "kata kulia" wala "kata kushoto". Usukani ni wake. Ninamwonyesha kwa mkono mkia wa trela uelekee wapi, basi. Ninasimama upande wa dereva nyuma, ambapo ananiona kwenye kioo, na tumekubaliana kwamba akiacha kuniona anasimama papo hapo bila kuuliza. Neno letu la dharura ni moja: "Baba, simama!" Likitoka, mguu uko kwenye breki kabla sijamaliza. Watoto nao wamefundishwa kulipigia kelele neno hilo, na wakati wa rivasi wanakaa juu ya meza ya kambi, siyo chini, mpaka injini izimwe.

Na utingo atazame juu. Wageni hutazama tairi na nguzo ya umeme, hawatazami matawi. Kambi za Hill Country, eneo la vilima la katikati ya Texas, zimejaa mialoni yenye matawi mazito yaliyolala, na paa la trela ni utando wa mpira au plastiki ambao tawi kavu linauchana. Maji yakiingia humo, mbao zinaoza kimya kimya.

Kimo ni habari ya barabarani pia. Pima mwenyewe kwa futi, toka chini mpaka juu ya kiyoyozi, trela likiwa limenaswa. La kwetu ni futi 13 na inchi 2. Kwenye kikaratasi kilichobandikwa mbele ya dereva nimeandika 13 na inchi 4 kwa tahadhari, tena kwa futi, kwa sababu alama za madaraja ya huku ni za futi na hakuna muda wa kubadilisha kutoka mita. Programu ya ramani ya kawaida ya simu haijui umebeba nini. Itakupitisha chini ya daraja la reli la mtaani bila wasiwasi. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8, maarufu kwa kuchana mapaa ya malori. Mwaka 2019 walilinyanyua inchi 8, na bado magari yanaligonga. Alama zipo, taa zipo. Tumia programu ya malori au ya magari ya kambi, ile inayokuuliza kimo na uzito kabla ya kukupa njia.

Kwenye kona, fifwili hukata ndani zaidi kuliko trela la bampa, kwa kuwa shingo yake inazungukia juu ya ekseli na magurudumu yako mbali nyuma. Ingia kwenye makutano kwa kina, ndipo ukate. Vituo vya mafuta vya mtaani tumeviacha. Tunajaza upande wa malori, ambako kuna nafasi ya kuzungukia. Kwa kila lita ya dizeli tunapata kama kilomita 4, kwa hiyo vituo huwa tunavipanga kabla ya kutoka nyumbani.

Safari iliyotufundisha zaidi ni ya Colorado. Unapanda na I-45 mpaka Dallas, unashika barabara ya 287 mpaka Amarillo, kisha ya 87 kupitia Dalhart, unaingia New Mexico, unafika Raton. Kule Panhandle, kaskazini mwa Texas, hakuna mlima wala mti wa kuzuia upepo, na trela ni ukuta wa futi 30 na zaidi. Fifwili hutulia kuliko trela la bampa, kwa sababu uzito umekaa juu ya ekseli ya pikapu, lakini upepo wa ubavuni ukivuma kwa nguvu hakuna aina ya trela inayostahimili yote. Punguza mwendo. Ukizidi, egesha ulale, hata kama kambi ya mbele umeshailipia.

Kisha mlima. Raton Pass iko futi 7,834 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Houston, ambako ardhi ni bapa kama chapati, hajawahi kuzijaribu breki zake kwa kweli. Hapo ndipo nilipomweleza mume wangu habari za Kitonga. Madereva wa kwetu walikuwa na kauli kwamba mlima unashuka kwa gia uliyopandia, na wenye kushuka kwa kukanyaga breki muda wote tuliwajua kwa harufu kabla hawajafika. Fanya hivyohivyo: gia ya chini na breki ya injini viwashwe kileleni, kabla mteremko haujaanza. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, uushushe, kisha achia zipoe. Breki za trela zirekebishwe mapema, barabara ikiwa bapa: ukiwa kwenye maili 25 kwa saa, zibane kwa mkono peke yake. Trela linatakiwa likushike vizuri bila tairi zake kuburuzika. Mbele zaidi kuna Eisenhower Tunnel kwenye I-70, futi 11,158, na mteremko wa kwenda Silverthorne una njia za kokoto za kuokolea malori yaliyoshindwa breki. Hatukufika huko na trela. Tuliliacha kambini, tukapanda na pikapu peke yake, na ndivyo ningemshauri kila anayeanza.

Tairi za trela zinataka sura yake peke yake, lakini nitasema machache. Matrela mengi huja na tairi zenye herufi ST, na nyingi kati ya hizo zimepimwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa. Barabara kuu za Texas zinaruhusu 75, nyingine 80. Kibao kinasema gari lipite kwa mwendo huo, tairi yako haijakubali. Sisi tunatembea 62, upande wa kulia, na wanaotupita watupite. Upepo unapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi, siyo baada ya saa mbili za lami ya Agosti. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela hufa kwa uzee kabla kashata haijaisha, na ikifika miaka mitano au sita tunaibadilisha hata kama inang'aa. Gurudumu likifunguliwa na kufungwa, nati zikazwe tena baada ya maili 10, kisha 25, kisha 50, kwa spana yenye kipimo.

Mambo ya kambini ni mepesi ukishafika. Bomba la maji liwe na kipunguza nguvu, na plagi ya umeme ipimwe kwa kifaa kabla ya kuiunganisha. Ukipewa umeme wa ampea 30 badala ya 50, usiwashe kiyoyozi, oveni ya umeme na pasi pamoja, kwa sababu wati 3,600 zinaisha haraka. Valvu ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa.

Kwa safari ya kwanza chagua karibu na nyumbani, na uombe eneo la kupita moja kwa moja, lisilohitaji rivasi. Kwa sisi wa Houston, Lake Livingston ni mahali pazuri, kuna maeneo yenye maji, umeme na bomba la maji machafu. Wengi wanataka kuanza na Big Bend, hifadhi ya taifa ya huku Texas, kwa sababu ya picha za milima ya Chisos. Big Bend nenda, lakini fifwili isipande Chisos Basin: barabara ile ni mikunjo na mteremko mkali, na hifadhi yenyewe haishauri trela la zaidi ya futi 20 lipite. Egesha Rio Grande Village, kando ya mto, uweke kabari, ushushe miguu, utoe pikapu. Asubuhi mnapanda Chisos na pikapu tupu, watoto wakiwa wameshakunywa chai yao.